Waraka ni Nusu ya Kuonana: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mapenzi ya Barua

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuulize kuhusu mapenzi yanayozaliwa kwenye barua, baina ya watu wasiojuana na wanaokaa mbalimbali. Maswali yamefurika, na tumechagua machache yanayowakilisha mengine. Majibu yameandikwa na wawili wa dawati hili, mmoja wa mambo ya posta na mwingine wa ushauri wa wapenzi. Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Karibu kila swali lililotufikia lilikuwa linatafuta ile nusu iliyobaki.

Shikamooni. Nimepata anwani ya kijana mmoja kwenye safu ya marafiki wa kalamu. Nimeshaandika barua tano za kwanza na zote nimezichana. Barua ya kwanza iwe na nini, na iwe ndefu kiasi gani? (Msomaji wa kike, miaka 24)

Marahaba, mwanetu. Tumia karatasi moja ya A4, mbele na nyuma, basi. Kwa mwandiko wa kawaida hayo ni maneno kati ya 350 na 450. Ikipungua hapo inaonekana umeandika kwa haraka, na ikizidi sana unamtwisha mgeni deni la kujibu kurasa ambazo hakuziomba.

Anza na sababu ya kumwandikia yeye na si mwingine. Kama tangazo lake lilisema anafuga nyuki, waulizie nyuki katika mistari mitatu ya kwanza, ili ajue hujanakili barua moja ukaituma kwa watu ishirini. Kisha chukua jambo moja la maisha yako, moja tu, ulieleze kwa urefu: kazi unayoifanya kwa mikono, njia unayopita kila asubuhi, ugomvi wa majirani kuhusu mti. Orodha ya sifa zako haimpi mtu cha kujibu, lakini kisa cha mti kinampa.

Maliza na maswali mawili. Maswali kumi ni fomu ya polisi. Na yawe maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana. Badala ya "Unaipenda kazi yako?" uliza "Ni saa gani ya siku ya kazi unayoiona ndefu kuliko zote, na kwa nini?" Jibu la swali la pili litakuonyesha mtu.

Yanayoharibu barua za kwanza tunayaona mara kwa mara: kumsifu uzuri mtu ambaye hujamwona, kutaja ndoa, na kumwaga majonzi yote ya maisha kwa pamoja. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu wasiojuana waliulizana maswali 36, yaliyogawanywa katika mafungu matatu, kwa dakika 45. Ukaribu ulikua kwa sababu maswali yalizama kidogo kidogo na kila mmoja alijibu kama alivyojibiwa. Barua nazo ziende hivyo, ngazi kwa ngazi, na wote wawili mkipanda. Akikueleza la utotoni, nawe eleza la utotoni. Ukimpita ngazi tatu, ataogopa.

Kuhusu usalama, tumia sanduku la posta, usitoe anwani ya nyumba. Tarehe kamili ya kuzaliwa na nambari ya kitambulisho hazina kazi kwenye barua ya mapenzi. Ukishatuma, hesabu siku za kwenda na kurudi, ongeza wiki mbili za yeye kuandika, ndipo ufikirie kumkumbusha.

Barua yangu ya karatasi nne na picha mbili ilimfikia mwenzangu, lakini alidaiwa malipo posta kabla ya kupewa. Iliyotangulia ilirudi kwangu baada ya miezi miwili. Nimekosea wapi?

Ya kwanza ni uzito. Ya pili, kwa uzoefu wetu, ni anwani.

Karatasi ya A4 ya kawaida, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina uzito wa gramu 5 kamili, maana karatasi 16 za A4 ndizo zinazotimiza mita moja ya mraba. Bahasha ndogo ya C6, ambayo A4 huingia ikikunjwa mara mbili, ina gramu 3 hadi 4. Posta nyingi duniani zimeweka daraja la kwanza la barua za nje kwenye gramu 20. Kwa hiyo karatasi tatu ni 15, weka bahasha, unafika 19. Karatasi ya nne inakuvusha daraja. Picha moja ya sentimita 10 kwa 15 ni karibu gramu 4, kwa hiyo bahasha yako ilikuwa kwenye gramu 31 au 32 na stempu za gramu 20. Herufi T aliyoiona mwenzako kwenye bahasha ndiyo alama ya kimataifa ya barua iliyopungukiwa malipo.

Ukitaka kurasa nyingi, nunua karatasi nyepesi ya gramu 50 kwa mita ya mraba. Moja ina gramu 3 na nukta, hivyo tano zinaingia kwenye daraja lilelile. Tatizo lake ni kwamba wino wa majimaji hupenya upande wa pili, kwa hiyo tumia kalamu ya wino mzito, yaani biki, na usikandamize. Usiamini mizani ya jikoni kwa tofauti ya gramu moja. Peleka barua kwa karani wa posta aipime kabla hujabandika stempu.

Anwani sasa. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874 na wenye makao yake Bern, unaelekeza jina la nchi liandikwe peke yake kwenye mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa. Mistari mingine inakili kwa mpangilio uleule aliokuandikia mwenzako, hata kama kwenu mnaandika kinyume, kwa sababu anayeisoma anwani hiyo ni posta ya kwao. Kama kwao wanatumia hati nyingine, mwombe akuandikie anwani kwenye kipande cha karatasi, ukikate ukibandike kwenye bahasha. Jina la nchi pekee ndilo uliandike wewe, kwa lugha inayosomwa na posta yako. Anwani yako wewe mtumaji iwe juu kushoto au nyuma ya bahasha. Ile iliyorudi ilikuwa na bahati: bila anwani ya mtumaji isingekuwa na pa kurudi.

La mwisho, usitie kitu kingine zaidi ya karatasi na picha. Noti na sarafu hazitakiwi kwenye barua ya kawaida ya nje. Mbegu na maua makavu hukamatwa na wakaguzi wa mimea. Kitu kigumu, hata ufunguo mdogo wa mapambo, huchana bahasha ndani ya mashine ya kupangia barua. Ukitaka kutuma zawadi, hicho ni kifurushi, na kina fomu yake ya forodha.

Tunaandikiana kila wiki lakini barua zinapishana njiani. Namuuliza jambo, ananijibu la mwezi jana. Wiki iliyopita tumegombana kwa jambo ambalo kumbe yeye alishaliomba radhi kwenye barua ambayo haijafika. Tufanye nini?

Zipeni barua nambari. Kila barua iwe na nambari juu kulia, tarehe, na mstari mmoja wa kwanza unaosema mmefika wapi: "Hii ni ya 14. Nimepokea zako hadi ya 11. Ya 12 sijaiona." Mstari huo peke yake ungewaepusha na ugomvi wa wiki jana. Pia piga picha kila ukurasa kwa simu kabla ya kufunga bahasha, maana baada ya wiki tatu hutakumbuka uliuliza nini, na jibu la "Ndiyo, ila si kila siku" litakuacha ukijiuliza ndiyo ya nini. Na wakati wa kujibu, rudia swali lake kwa maneno machache kabla ya jibu.

Halafu pigeni hesabu ya mzunguko. Barua ikichukua siku 12 kwenda, siku 3 za kuandika, na siku 12 kurudi, mzunguko mmoja ni siku 27. Anayesubiri jibu ndipo aandike atapata mazungumzo 13 tu kwa mwaka, na kila kimya kitamtia wasiwasi. Ninyi mnaoandika kwa ratiba mko sawa. Endeleeni, lakini mkubaliane kwamba barua ya ratiba haijibu mambo mazito. Inaeleza siku zilivyokwenda.

Na jambo zito? Hapa tuna msimamo ambao hatuutikisi: msigombane kwa posta. Hasira ya leo itasomwa baada ya siku 12 na mtu ambaye siku hiyo huenda amefiwa, na radhi yako itakuwa bado iko kwenye gunia. Barua ya hasira iandike, iweke droo siku mbili, kisha piga simu. Watu hutolea mfano washairi Elizabeth Barrett na Robert Browning, walioandikiana barua zaidi ya 570 katika miezi 20 hivi, tangu Januari 1845 hadi walipofunga ndoa Septemba 1846. Wanaosahauliwa ni maposta. Wote wawili walikuwa London, na barua zilipelekwa mara kadhaa kwa siku. Kutoelewana kwa asubuhi kuliweza kusawazishwa jioni, na ninyi hamna nafasi hiyo.

Mimi naandika Kiswahili, yeye hakijui. Tunatumia programu ya kutafsiri. Kuna hatari?

Zipo, na tatu kati yake ni za lugha yetu hasa. Neno "nakupenda" kwetu linabeba kupendezwa na mtu na kumpenda kwa mahaba. Mashine itachagua moja, mara nyingi lile zito, na utakuwa umetamka mapenzi kwenye barua ya pili bila kukusudia. Andika "nafurahia barua zako" ukimaanisha hilo. Pili, "yeye" na "rafiki yangu" havisemi ni mwanamume au mwanamke, lakini mashine italazimika kusema, na kisa cha safari na rafiki yako kinaweza kugeuka kisa cha wivu. Taja kama ni dada au kaka. Tatu ni saa. Ukimwahidi simu saa tatu usiku, kuna uwezekano mkubwa programu ikamwambia saa tatu kwa hesabu ya kwao, tofauti ya saa sita, na mmoja wenu atakaa na simu mkononi usiku kucha. Andika 21:00 na utaje ni saa za wapi.

Tumia sentensi fupi, methali uziache au uzifafanue, na baada ya kutafsiri, irudishe tafsiri kwenye Kiswahili uisome. Ikirudi imepinda, andika upya sentensi yako, si tafsiri. Na ambatanisha maandishi yako ya asili. Siku moja atataka kuyasoma.

Shikamooni. Tumeandikiana miezi minane na nahisi hakuna anayenijua kama yeye. Dada yangu anasema nimeipenda karatasi. Nitajuaje kama ni mapenzi au nimejitungia mtu? (Msomaji, miaka 29)

Marahaba. Dada yako ameuliza swali la maana, ingawa si kwa upole, na hatutaki ulijibu kwa kukasirika.

Mwaka 1996 mtafiti wa mawasiliano Joseph Walther alieleza kwa nini watu wanaojuana kwa maandishi wanaweza kuhisi wako karibu kuliko wanaoonana kila siku. Mwandishi huchagua kipi aonyeshe na kipi aache. Ana muda wa kufuta na kupanga upya. Msomaji naye, palipo na pengo, hujaza kwa matumaini yake. Halafu kila mmoja humjibu yule mtu mzuri aliyemsoma, na mwenzake hujikuta akijitahidi kuwa mtu huyo. Hakuna anayedanganya hapo. Ukaribu unaouhisi ni wa kweli, lakini umejengwa kwa vipande vilivyochaguliwa. Watafiti Crystal Jiang na Jeffrey Hancock walionyesha mwaka 2013 kwamba wapenzi walio mbali hufunguliana moyo zaidi katika mazungumzo yao, na pia humwona mwenzao kuwa mzuri zaidi ya alivyo. Mambo hayo mawili yanakuja pamoja, na ndiyo maana wewe na dada yako mnaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja.

Kuna kazi ya jioni moja. Chukua barua zake zote na karatasi yenye safu tatu. Safu ya kwanza andika aliyoyasema mwenyewe. Ya pili, yale ambayo umeyathibitisha kwa njia nyingine: sauti yake, uso wake kwenye simu ya video, ndugu yake aliyekusalimu, kazi yake inayojulikana. Ya tatu, yale unayoamini juu yake ambayo ukitafuta kwenye barua huyaoni popote. "Ni mvumilivu." Wapi? "Hapendi makuu." Alisema lini? Watu wengi hushtuka kuona safu ya tatu inavyojaa. Ikikujaa, usivunje uhusiano. Hayo ndiyo maswali yako ya barua zijazo.

Na maswali hayo yaulize kwa njia inayotoa mwenendo, si sifa. Ombaneni kila mmoja aandike siku moja ya kawaida, tuseme Jumanne, saa kwa saa, tangu kuamka hadi kulala, bila kuipamba: alichelewa nini, alimjibu nani vibaya, alitumia fedha kwa nini, nani anafua nguo zake. Kisha kila mmoja aeleze ugomvi mmoja wa karibuni na mtu mwingine, na uwe ule ambao yeye ndiye aliyekosea. Anayeshindwa kupata hata mmoja amekuambia jambo kubwa. Barua ya tatu iwe kuhusu kitu ambacho watu wanaokaa naye humlalamikia.

Sauti isicheleweshwe. Kwa maoni yetu, ifikapo barua ya sita muwe mmezungumza kwa simu, na ya kumi muwe mmeonana kwa video. Miezi minane bila sauti ni mingi. Kadiri unavyochelewa ndivyo mtu uliyemtunga anavyopata nguvu, na yule halisi akizungumza utamwona mgeni.

Habari za kazi. Nina miaka 61, mke wangu alifariki. Kwa miezi mitano nimeandikiana na mama mmoja mjane, barua nzuri sana. Mwezi jana aliomba nauli aje tuonane, nikatuma nusu. Sasa anasema amezuiliwa, kuna afisa ameniandikia anadai ada. Watoto wananicheka. Nifanye nini?

Shikamoo mzee wetu, na pole kwa msiba. Tunakuomba kwanza usitume tena hata senti moja, leo wala kesho, na usimjibu huyo afisa. Huo ni utapeli, na mpangilio wake unajulikana: miezi ya barua tamu bila kuomba chochote, ombi la kwanza lenye sababu ya heshima, kisha tatizo la ghafla njiani, kisha mtu wa tatu mwenye cheo, iwe afisa, wakili au daktari, anayedai ada ili mlango ufunguke. Ukilipa, mlango mwingine utafungwa. Ukigoma, huja machozi, halafu vitisho. Na baada ya wiki kadhaa ataibuka mtu anayesema anaweza kukurejeshea fedha zako kwa malipo kidogo. Huyo ni yuleyule au mshirika wake.

Leo hii nenda benki au kwa kampuni uliyotumia kutuma fedha, ukiwa na risiti, uombe muamala uzuiwe. Siku ya kwanza ina nafasi kubwa kuliko ya pili, na baada ya hapo nafasi hupungua haraka. Hifadhi bahasha, barua na ujumbe wote, kisha toa taarifa polisi. Kama ulimtumia nakala ya kitambulisho, waambie benki pia. Usimuonye kwamba umemgundua. Kaa kimya tu.

Kwa wasomaji wengine wanaotaka kupima kabla ya kuumia: tazameni muhuri wa posta, je, unatoka mji anaosema anakaa? Chukueni sentensi moja nzuri ya barua yake muitafute yote kama ilivyo kwenye intaneti, maana barua za matapeli hunakiliwa. Picha zake zitafuteni kwa huduma ya kutafuta picha zinazofanana. Ombeni simu ya video, na katikati ya mazungumzo mwambieni apitishe mkono mbele ya uso au asimame ageuke. Video ya kughushi mara nyingi huvurugika hapo, ingawa kutovurugika si uthibitisho kamili. Na jambo la fedha liwe sheria: hakuna fedha, kadi ya zawadi wala sarafu ya kidijitali kwa mtu ambaye hamjawahi kuonana ana kwa ana, hata kama sababu ni ugonjwa. Anayekupenda hataikataa sheria hiyo. Vivyo hivyo picha za faragha. Zikishatumwa huwa silaha, na anayetishia kuzisambaza ukimlipa hurudi tena.

Watoto wako wanakosea kucheka, na wakisoma hapa tunawaambia wakusindikize benki. Matapeli hawatafuti wajinga. Hutafuta watu wanaojibu barua kwa moyo, na ulichofanya ni hicho. Aibu ni yao.

Je, watu wanaweza kupendana kwa barua maisha yao yote bila kuonana?

Wanaweza. Mshairi Khalil Gibran akiwa New York na mwandishi May Ziadeh akiwa Cairo waliandikiana tangu 1912 hadi Gibran alipofariki mwaka 1931, na hawakuonana hata mara moja. Wengine huishia kuonana: mwandishi wa riwaya wa Kifaransa Honoré de Balzac mwaka 1832 alipata barua kutoka kwa mwanamke aliyejiita Mgeni. Alikuwa Ewelina Hańska, aliyekaa Ukraine ya leo na alikuwa na mume. Walionana 1833, mume akafariki 1841, wakaoana Machi 1850, na Balzac akafa Agosti mwaka huohuo.

Tunachokihofia si umbali, ni mmoja kungoja kitu ambacho mwenzake hakikusudii. Kama wote wawili mmeridhika na barua, ni uhusiano kamili na hauhitaji ruhusa ya mtu. Kama mmoja anaweka akiba ya safari na mwingine kila mara ana kisingizio, fimbo ya mbali haiui nyoka. Ulizaneni wazi, kwa sauti, na mtaje mwaka. Jibu la "Mungu akipenda" bila mwezi wala mpango ni hapana iliyovaa nguo nzuri.

Tutaonana mara ya kwanza baada ya miezi 14 ya barua. Anasafiri kuja kwangu kwa mwezi mzima. Nimejawa na furaha na hofu. Nijiandae vipi?

Mwezi mzima ni mrefu mno kwa mara ya kwanza, na kama tiketi bado inaweza kubadilishwa, muibadilishe. Siku nne hadi sita zinatosha: fupi kiasi cha kuvumilika mambo yakiharibika, ndefu kiasi cha kuona mtu akiwa amechoka. Mgeni alale mahali pake, analipia mwenyewe, na awe na tiketi ya kurudi na fedha za dharura ambazo mwenyeji hazigusi. Kila mmoja ampe mtu wa karibu jina, picha na mahali watakapokuwa, na wapange saa ya kupigiana kila siku.

Mkutane mahali penye watu, mchana, na siku ya kwanza msizidishe saa mbili au tatu. Ameshasafiri, amechoka, na wewe hujalala. Tarajia ugeni wa mwili: sauti haina kipimo ulichokizoea, anatembea haraka, anacheka mahali ambapo kwenye barua angetulia. Watu wengi hufadhaika saa ya kwanza wakidhani mapenzi yamekufa, kumbe akili inaunganisha watu wawili, wa karatasi na wa mbele yako, na kazi hiyo inachukua siku moja au mbili. Usitoe uamuzi wowote kabla ya siku ya tatu, mzuri au mbaya. Kukaa mkitazamana kwenye meza ndiyo njia ngumu kuliko zote. Tembeeni, tafuteni shughuli ya mikono, nendeni mkatengeneze kitu kilichoharibika nyumbani. Mkikwama kabisa, kila mmoja aende kuandika barua fupi ya nusu ukurasa na mbadilishane. Lugha hiyo mnaijua.

Kati ya siku hizo, siku moja muiache bila mpango wowote, na siku moja aonane na watu wako. Tazama anavyozungumza na mhudumu, na dereva, na mtoto anayesumbua. Hayo barua haikuweza kukuletea.

Na msihamie pamoja kwa furaha ya safari hiyo. Laura Stafford na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2006, waliwachunguza wapenzi waliokuwa mbali kisha wakawa karibu, na takriban theluthi moja waliachana ndani ya miezi mitatu. Sababu zilizotajwa ni za kawaida sana: kukosa uhuru wa muda, wivu, kugundua tabia mpya. Aliyezoea kuwa na jioni zake zote kwa miezi 14 hushangaa kuulizwa yuko wapi. Basi tembeleaneni mara mbili au tatu, pande zote mbili, kabla ya kuzungumzia kuhama. Na mkishakuwa karibu, wekeni jioni mbili kwa wiki za kila mtu peke yake.

Nina barua 96 ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Karatasi zimeanza kuwa njano na wino unafifia. Nizitunzeje?

Zitoe kwenye mfuko huo leo. Plastiki laini hufungia unyevu, na sakafuni ndipo wadudu na maji hufika kwanza. Ondoa pini, vibanio vya chuma na mipira ya kufungia. Chuma huota kutu na mpira huyeyuka ukagandamana na karatasi. Usitie gundi ya kubandika palipochanika na usizifunike kwa plastiki ya moto, kwani hilo haliwezi kurudishwa nyuma.

Kunjua kila barua, ilaze bapa, uweke ndani ya jalada la karatasi isiyo na asidi, kisha kwenye sanduku la kadibodi imara, mbali na dirisha na ukuta wa nje, mahali pasipobadilika joto sana. Mwanga ndio unaofifisha wino, kwa hiyo ile unayoipenda hata ukitaka kuitundika ukutani, tundika nakala. Bahasha usizitupe. Muhuri wa posta ndio utakaokupa tarehe pale alipoandika "Jumapili usiku" tu. Nambari za mpangilio andika kwa penseli, nyuma, kwenye kona.

Kisha piga picha zote 96, uhifadhi mahali pawili tofauti. Na mwandikie mwenzako umwombe naye azipige picha zako alizonazo. Hizo 96 ni maneno yake peke yake, majibu yako yote yako kwake, na hivi sasa hakuna kati yenu aliye na mazungumzo kamili.